Uso wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Saa tatu na dakika tano asubuhi, Jumamosi, gari jeupe lilipunguza mwendo mbele ya nyumba namba kumi na nne. Kioo hakikushushwa. Gari likaongeza mwendo na kupotelea konani.

"La sita hilo," alisema Noreen Pascoe, kikombe cha chai mkononi.

"Unayahesabu ya nini?" mumewe, Merv, aliuliza. "Hakuna hata moja litakalokuletea keki."

Nyumba ilikuwa sokoni kwa wiki tisa. Kibao cha dalali kilikuwa kimeanza kupauka kwa jua. Merv alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki Noreen alimwendesha mwendo wa saa mbili hadi jiji la Brisbane kusafishwa damu, na saa mbili nyingine kurudi. Daktari alikuwa ameshasema: hamieni karibu, kabla safari hazijammaliza. Lakini bila kuuza nyumba hii, hawangeweza kununua nyingine.

"Tatizo ni uso wake," Merv alisema. "Umechafuka. Leo naupiga maji."

Alisema kweli kuhusu uso. Ulikuwa ukuta bapa wa mabamba ya kijivu, wenye ukungu mweusi na vidirisha viwili.

Katika mji ule, mtu akitaka kuuza nyumba, kwanza huazima mashine ya maji ya presha, kisha huomba ushauri. Merv alikuwa ameshaazima mashine. Akaunganisha mpira, akasimama mbele ya ukuta akiwa na kaptula tu, akaelekeza bomba, kidole kwenye kifyatuo.

"Merv Pascoe! Toa kidole hapo!"

Alikuwa Glenys Tranter, jirani yao. Kwa miaka thelathini Glenys alikuwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Alikuwa amestaafu kazi, lakini si ukaguzi.

"Nini tena?" Merv alisema. "Nimekanyaga waridi zako?"

"Waridi zangu zina akili kukushinda. Mabamba hayo yalipigiliwa lini?"

"Tuliyakuta. Tulinunua mwaka sabini na nane."

"Basi yahesabu kuwa yana asbestosi mpaka maabara iseme hayana. Hapa kwetu, nyumba yoyote iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 1990 huenda inayo."

"Nimeishi nayo miaka yote hii na bado unanigombeza. Sijafa."

"Hujafa kwa sababu hukuyachokoza. Bamba likiwa zima, nyuzi za asbestosi zimeshikwa na saruji. Ukilipiga maji ya presha, unalichimbua, na nyuzi zinatoka. Huwezi kuziona. Ukizivuta, zinakaa mapafuni. Ugonjwa huja baada ya miaka ishirini, hata arobaini. Ungetunyunyizia sote mtaani. Ndiyo maana sheria ya jimbo inakataza."

Merv akatazama kidole chake, kisha akakitoa.

"Tusugue kwa msasa, basi?" Noreen aliuliza.

"Hapana. Wala keekee, wala brashi ya waya. Mwiteni mwenye leseni achukue kipande kidogo, apeleke maabara." Glenys alikuwa akitazama juu, mahali paa lilipokutana na ukuta. "Noreen, kile chumba chembamba cha mbele mnakitumiaje?"

"Nashonea nguo humo."

"Hicho si chumba. Ni baraza iliyozibwa. Mtu aliifunika pande zote mbili, nje na ndani. Sijui alifunika nini."

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku nne. Ilikuwa asbestosi. Merv aliuza boti yake ya kuvulia ili kuwalipa mafundi wenye leseni.

Walikuja Jumanne, watu wanne. Siku hiyo akina Pascoe walikaa kwa binamu wa Glenys, mwisho wa mtaa. Waliwaona mafundi kwa mbali, wamevaa nguo nyeupe mwili mzima na barakoa.

"Wamevaa kama wanakwenda mwezini," Merv alisema polepole. "Na mimi nilikuwa na kaptula."

Mafundi waliyalowesha mabamba kwa manyunyu ya maji, wakayatoa mazima, wakayafunga kwa plastiki nene. Hewa ilipimwa. Jioni mkaguzi aliyeipima akatia sahihi kwamba ni salama kurudi.

Noreen alifika langoni, akasimama.

Mahali palipokuwa na mabamba, nguzo sita za mbao zilishika paa la baraza ndefu. Kati ya nguzo kulikuwa na nakshi nyembamba kama kitambaa cha kufuma. Juu ya ngazi za kuingilia barazani, fundi wa zamani alikuwa ametoboa na kuchonga kwenye mbao nusu ya jua linalochomoza. Noreen alihesabu miale yake. Ilikuwa kumi na saba.

Merv alivua kofia.

"Miaka arobaini na sita," alisema. "Nimekuwa nikining'iniza koti langu nyuma yake."

Glenys, aliyekuja nyuma yao, akarudia kazi yake. "Msiikwaruze rangi hiyo ikiwa kavu. Rangi ya zamani huwa na madini ya risasi. Tafuteni fundi wa rangi anayejua kuitoa ikiwa imeloweshwa. Ninyi kateni nyasi, safisheni mifereji ya paa, nyoosheni lango, wekeni namba inayosomeka. Mnunuzi huanza kuamua akiwa bado barabarani."

Walifanya hivyo kwa wiki tatu, na dalali akatangaza kwamba nyumba itauzwa kwa mnada.

Asubuhi ya mnada, saa kumi na mbili na nusu, Noreen alitoka na chai. Jua lilipita katika matundu ya ule mchongo. Kwenye ukuta wa nyuma ya baraza lilisimama jua la pili, la mwanga mtupu, na miale yote kumi na saba. Chai ilipoa mkononi. Merv alikuja, akaketi kwenye ngazi. Walilitazama likishuka ukutani hadi likagusa sakafu.

"Na leo ndiyo siku ya kuiuza," Merv alisema.

"Ndiyo. Ili uishi."

Saa nne majirani walijaa barabarani, kama ilivyo desturi ya minada. Lile gari jeupe lilikuja na kupunguza mwendo. Safari hii lilisimama. Mwanamke alishuka, akaacha mlango wazi. Alitaja bei mara tano bila kumtazama mnadishaji hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye lile jua la mbao juu ya ngazi.

Mnadishaji alipiga kiganja chake kwa karatasi iliyokunjwa. Saa nne na dakika ishirini na saba, dalali alibandika ukanda mwekundu juu ya kibao kilichopauka: IMEUZWA.