Mtu Asiyefifia

Jicho la kushoto la darubini lilikuwa safi. La kuume ndilo lilikuwa na kasoro, na Georgette hakutaka kuieleza.

Fundi Basile aliiacha darubini ya mgeni wake mezani bila kuifungua. Kibanda chake cha miwani na saa kilikuwa mtaa wa Mulongwe, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili. Alikuwa na desturi moja: hakugusa kitu mpaka mwenye kitu aseme ugonjwa wake.

"Mama, watu wanakujaka hapa wanasema tu 'imekufa'. Miye si fundi wa maiti," alisema akicheka. Kisha akaona kitambaa cheusi kichwani mwa mgeni wake, akainamisha macho. "Unisamehe."

"Haina shida, Papa."

"Basi sema. Unaona vitu mbili mbili? Hiyo ilianguka, vioo vya ndani vimehama. Gurudumu inazunguka bure? Imelika. Ao jicho moja iko na ukungu?"

Georgette alitazama mlangoni kwanza. "Ukungu, upande wa kuume. Lakini mu ule ukungu kuko muntu mumoja. Ye tu njo naona muzuri."

"Muntu gani?"

"Octave."

Basile alimfahamu Octave, mume wa huyu mama, nahodha wa boti ya mbao iliyozama njiani kwenda mji wa Baraka mwezi wa tatu. Maiti nne zilipatikana, yake haikupatikana. Ukoo ulikuwa umekubaliana kuzika mgomba badala yake Jumamosi, kama wafanyavyo kwa mtu aliyemezwa na maji, ili roho yake ipumzike, na walio hai nao wapumzike.

"Hawatazika mugomba," Georgette alinong'ona. "Iko muzima. Ananipungia mukono. Nimeisha pata mutumbwi, kesho naenda kumuchukua. Weye unitengenezee tu, nimuone na macho yote mbili."

Basile hakulipenda neno hilo. Alifunika upande wa kuume kwa kiganja, akazungusha gurudumu la katikati mpaka milima ya Burundi ikawa wazi. Kisha akafunika upande wa kushoto, akazungusha pete ya jicho la kuume. Ukungu haukuondoka. Ndani yake, mbali sana juu ya maji, alisimama mtu mwenye shati la bluu kama la Octave, na vifungo vya shati vilihesabika. Darubini ilikuwa kavu, lakini ilinuka tope la ziwani.

Alimrudishia Georgette.

"Zungusha gurudumu polepole. Milima iko namna gani?"

"Imefifia."

"Maji?"

"Yote imefifia."

"Na ye?"

Georgette alizungusha mbele, akazungusha nyuma, akalipeleka gurudumu mpaka mwisho wake wa huku na mwisho wake wa kule, na milima ikaja ikaenda, na maji yakaja yakaenda, na yule mtu akabaki palepale, wazi, akipunga mkono kwa utaratibu uleule, kama mtu asiyechoka.

"Iko vilevile," alisema.

"Sikiliza, mama. Kitu kikiwa kwa ziwa, gurudumu itakisafisha ao itakiharibu. Kitu chenye hakisikie gurudumu hakiko kwa ziwa. Kiko karibu. Kiko ndani ya chombo."

Akachukua bisibisi ndogo, akaifungua darubini, akatoa vioo kimoja kimoja na kuvielekeza kwenye mwanga wa mlango. Hakukuwa na vumbi wala tone la maji.

"Safi," alisema.

"Sasa iko wapi?"

Basile alifanya ishara ya msalaba. "Huyu si bwana yako. Ni jini inavaa shati yake, inakuita kwa maji. Uache ule mutumbwi."

"Na kama ni ye?"

"Angekuwa ye, mama, angefifia kama sisi wote."

Georgette mwenyewe akamsogezea fundi nyundo. Walivunja vile vioo pamoja wakisali Baba Yetu, na mtumbwi ukaenda kesho yake bila abiria.

Jumamosi walizika mgomba. Katekista aliposoma jina la Octave, Georgette alilia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, na machozi yalipomjaa machoni, katekista alififia, msalaba ukafifia, watoto wake na mashemeji na Basile aliyeshika kofia mkononi wakayeyuka wote kuwa ukungu mmoja, isipokuwa mtu mmoja ng'ambo ya kaburi, mwenye shati la bluu, ambaye vifungo vyake vilionekana kimoja kimoja.

Alipunga mkono.

Georgette akafumba macho yote mawili, akayabana kwa nguvu. Bado alimwona.