Mfano Wangu wa Neno "Eneza"

Kila asubuhi kabla ya kengele, nilipitia barazani kwa Bi Mgeni, jirani yetu pale mtaani Mbotela, kununua mahamri mawili ya moto. Mwaka huo wa 1979 nilikuwa darasa la sita, na mdomo wangu haukuwa na breki.

Jumatatu moja Mwalimu Munyoki aliandika ubaoni neno "eneza". "Kueneza ni kufanya kitu kifike mahali pengi," alisema. "Mtu hueneza habari, elimu, hata ugonjwa. Haya, tungeni sentensi."

Mimi nilitaka kuchekesha tu. Nikasimama nikasoma: "Bi Mgeni hueneza kipindupindu kwa mahamri yake." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, aliyekuwa akisahihisha madaftari, akasema, "Sentensi sahihi. Kaa." Nikakaa nikijiona bingwa.

Wiki hiyo redio ilitaja kipindupindu kila jioni. Wenzangu walirudia maneno yangu nyumbani, bila kusema kwamba ulikuwa mfano wa darasani. Jumatano mama alirudi kutoka bombani na ndoo yake akaniambia, "Wakiuru, usinunue tena mahamri ya Bi Mgeni. Nasikia yana kipindupindu."

Loo! Uongo wangu mwenyewe ulikuwa umenifuata hadi jikoni kwetu. Nami nikafungua daftari, nikajifanya nasoma.

Ijumaa nilimkuta Bi Mgeni peke yake, beseni limejaa, jiko limezimwa.

"Mjukuu wangu," akaniita, "umekula mahamri yangu tangu darasa la kwanza. Umewahi kuumwa tumbo?"

"Hapana, nyanya," nikajibu, nikakimbilia shuleni. Siku nzima sikusikia somo hata moja.

Jioni nilimweleza mwalimu kila kitu huku nikilia. Akavua miwani. "Hata mimi nina hatia," akasema. "Nilisikiliza sarufi, nikamsahau mtu aliyetajwa. Twende kwake."

Bi Mgeni alitusikiliza hadi mwisho. Hakunitukana, afadhali angenichapa. "Kumbe ni wewe!" akasema. "Futa machozi. Ulisema mbele ya watu, basi kesho nenda bombani ukaseme mbele ya watu."

Jumamosi nilisimama bombani. "Akina mama, nilimsingizia Bi Mgeni ili wenzangu wacheke. Hajamwambukiza mtu yeyote. Naomba msamaha."

Mama yangu alikuwa kwenye foleni. Aliinamisha uso kwa aibu, nami nikaumia kuliko kuchapwa kiboko. Kisha akaweka ndoo chini, akaenda barazani, akanunua mahamri na kuyala pale pale, wote wakimtazama. Jirani mmoja akamfuata, halafu mwingine.

Njiani kurudi nyumbani, mama alisema polepole, "Wewe ulisema mara moja ukakaa. Bi Mgeni amekosa wateja siku tatu, na mimi mwenyewe nilimkimbia. Kabla hujataja jina la mtu, jiulize: ni kweli? Na je, ungesema hivyo akiwa amesimama mbele yako?"

Nilimpokea ndoo, nikaibeba hadi nyumbani.