Mnywa Joto

Namba ilikuwa kumi na tisa, na ndiyo iliyomponza.

Jua la saa saba mchana lilikuwa limeshika bati, kipimajoto cha ukutani kilisoma digrii thelathini na mbili, na kompyuta ilikuwa ikifanya kazi kama punda. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilipaswa kuwa na digrii sabini, themanini hivi. Kioo kikasema kumi na tisa. Sasa, hata asiyejua kompyuta anajua chai ikiachwa mezani itapoa mpaka ilingane na chumba, basi. Na maji yanayozungushwa na pampu ndani ya ile mashine yalikuwa yanapozwa na hewa ya chumba hicho hicho. Hayakuwa na njia ya kuipita kwa ubaridi. Mtu mwenye akili zake angezima, akatoka nje, akamwita mkewe.

Yeye alipiga makofi.

Mtaani walimwita Baba Feni, ingawa mtoto hakuwa naye. Mimba mbili za mkewe zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na nyumba nzima ilitembea kwa kunyata kwa ajili yake. Kazi ya Baba Feni ilikuwa kuchora nyumba ambazo hazijajengwa, picha zenye jua na vivuli kama za kweli, na picha moja kompyuta huipika kwa saa nyingi. Ndipo akapata ule ugonjwa wa kuisukuma prosesa kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani. Ukiongeza kasi, inataka umeme zaidi. Ukiongeza umeme, inachemka. Kwa hiyo alipigana na joto. Alisugua kifuniko cha prosesa kwa msasa mpaka kikawa kioo, akafunga mipira ya kupitisha maji, pampu na feni sita.

"Mimi nikilalamika joto unaniambia nifungue dirisha," mkewe, fundi cherehani, alimtania. "Hilo lisanduku lako likitoa jasho, unalinunulia feni!"

Basi alipoona kumi na tisa, akasema, "Kumbe nafasi ipo!" Akaongeza kasi. Namba ikashuka kumi na saba. Akaongeza kasi na umeme. Kumi na nne. Kila alipolipasha, lilipoa, naye akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Kitu cha kwanza kumkata kicheko kilikuwa pampu. Ilizoea kunong'ona, sasa ilikuwa inameza. Gu. Gu. Gu. Akafungua ubavu wa mashine kutafuta hewa iliyonasa kwenye mipira. Hakuna hata povu moja. Ila ilimpanda puani harufu ya kaa lililomwagiwa maji, na hakuna aliyewasha jiko.

"Nitaangalia kesho," akasema, akazima.

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ikasimama.

"Mume wangu," mkewe akaita, sauti ndogo. "Nifungie dirisha."

"Dirisha gani na joto hili?"

Alimkuta amejizungushia pazia la mteja, midomo rangi ya majivu, meno yakigongana. Akamwekea mkono tumboni. Tumbo lilikuwa baridi kama sakafu.

"Hachezi," mkewe akanong'ona. "Tangu feni zako zinyamaze, hachezi."

Akakimbilia jikoni, akachemsha maji, akayabeba mbiombio. Alipofika sebuleni yalikuwa hayana hata mvuke. Na pale, katikati ya sebule, birika mkononi, akasikia kutoka chumbani, kwenye mashine aliyoizima kwa mkono wake: gu, gu, gu.

Akaelewa: kilichokuwa kikinywa joto la mashine, sasa kinanywa la mkewe. Akaenda akaiwasha, akaipa picha kubwa kuliko zote, akaisukuma mpaka mwisho. Baada ya dakika tatu mkewe akavuta pumzi ndefu. "Haya, amenipiga teke," akasema, akaanza kulia.

Hivyo ndivyo Baba Feni alivyofungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila kufuli wala askari. Picha ikiisha lazima nyingine iwe tayari. Alilala kitini robo saa robo saa. Siku ya tatu alithubutu kumpeleka mkewe kliniki, akaacha mashine inapika picha ya saa nne, lakini picha ile ikakwama njiani bila yeye kujua, na mkewe akapoa pale pale kwenye benchi katikati ya wajawazito wenzake wanaojipepea, muuguzi akitafuta mapigo ya mtoto hayapati, akitafuta tena, mpaka Baba Feni alipombeba mkewe mzima mzima na kurudi naye mbio huku akipiga kelele njiani kama mwizi anayefukuzwa. Akaianzisha picha upya, mtoto akarudi kucheza. Lakini kuanzia hapo mashine ilizimika yenyewe mara kwa mara, na yeye alijua sababu: prosesa iliyolishwa umeme kupita kiasi huliwa ndani kwa ndani. Ilikuwa inakufa. Aliogopa mpaka akawa anaiombea dua.

Wakamwita shangazi wa mkewe, mwanamke mfupi mkali aliyejulikana kwa kutoa mashetani. Alisimama mlangoni, akanusa, asiingie.

"Ulipomwona mara ya kwanza ulifanya nini?"

"Sikumwona, Shangazi. Niliona namba imeshuka."

"Ukafanya nini?"

"Nikaongeza."

"Halafu?"

"Nikaongeza tena."

"Loo! Mgeni hajapiga hodi, wewe ushampakulia mara mbili!" Akashusha sauti. "Mchuma janga hula na wa kwao, baba. Ndiyo haya sasa."

Akaagiza jiko lililojaa makaa mekundu, akaliweka mbele ya mashine, akaanza kusoma na kubembeleza, akimwita atoke kwenye moto mdogo aje kwenye moto mkubwa. Feni sita zikasimama kwa pamoja. Namba ikawa tisa, ikawa nne, ikawa moja. Kioo kikazimika. Makaa yote yakawa meusi kwa mpigo.

"Hayamtoshi!" Shangazi akanong'ona, macho yamemtoka. "Anataka kilicho hai. Shikilia hapo, nikalete mengine!" Akatoka mbio uani.

Baba Feni akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Prosesa ilikuwa imekufa. Upande wa pili wa ukuta mkewe alikuwa anaita jina lake, kila mara chini zaidi, kisha haiti. Akapiga magoti, akaikumbatia ile mashine, akasema kwa sauti ambayo mkewe asingeisikia, "Waache. Njoo kwangu mimi. Njoo."

Kitu kikapita vidoleni mwake, kikapanda mpaka mabegani.

"Anacheza!" mkewe akalia. "Jamani, anacheza!"

Shangazi aliporudi na makaa, alikuta chumba kimejaa joto la kawaida. Akapiga vigelegele. Baba Feni akainuka, akaficha mikono mifukoni. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akasema moyoni ni bei ndogo.

Uchungu ukamshika mkewe alasiri ile ile. Shangazi akampeleka hospitali, yeye akafuata nyuma kwa miguu, akasubiri koridoni, mikono kwapani. Magharibi mkunga akafungua mlango. Msichana, mwekundu, anapiga kelele za kuamsha wadi nzima.

"Baba, mpokee mwanao."

Akaingia, akampokea. Alikuwa wa moto kama mkate. Na vidole vya Baba Feni vikapata uhai. Joto likamwingia, joto tamu ajabu, likapanda mikononi mpaka kifuani, na bila kukusudia akamkumbatia zaidi. Kilio kikapungua. Kikawa kwikwi. Midomo midogo ikaanza kubadilika rangi.

"Mchukue," akasema. "Mchukue, mchukue!"

Mkunga akamnyakua, akamlaza kifuani kwa mama yake, na baada ya kitambo mtoto akalia upya. Shangazi akamtazama Baba Feni mikononi, kisha usoni, akasogea kusimama baina yake na kitanda.

"Mbona unamwogopa?" mkewe akacheka kwa uchovu, akimnyooshea mtoto. "Njoo umshike vizuri."

"Nitamshika kesho," akasema, akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, maana mikono yake ilikuwa inamtaka mtoto yule mno, na hakujua tena kama anayemtaka ni yeye.