Mashine ya Swafia

Mvua ya Kakamega haipigi hodi. Saa nane mchana jua lilikuwa linachoma mabati ya soko, na saa nane na dakika tano akina mama walikuwa wanakimbia na beseni za nyanya vichwani. Swafia, fundi wa sare za shule, alikuwa ametoka kununua vifungo. Akajibanza chini ya paa la kibanda cha kutengeneza simu, dera lake la kijani limelowa pindoni, na tepu ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

Ndani ya kibanda, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likasimama alikuwa ameinamia simu, vidole vinaruka kama anashika kiazi cha moto.

"Mbona huyo falasi amesimama peke yake?" Swafia akauliza.

"Falasi?" Kijana akacheka bila kuinua macho. "Dada, hii ni chesi ya dakika tatu. Usinichanganye."

"Haya. Lakini ataliwa."

Farasi akaliwa. Kijana akaweka simu chini, akamtazama kuanzia viatu vyenye matope hadi mtandio wa rangi ya maziwa.

"Unaitwa nani wewe?"

Yeye aliitwa Anwar, kwao Mumias, chumba chake cha kupanga mtaa wa Shieywe. Mwezi haukwisha kabla hajamwekea Swafia ule mchezo kwenye simu na kumwonyesha ngome inavyotembea na vitunda, wale askari wadogo wa mbele, wanavyosonga. Simu zikawa za kila siku.

"Falasi wangu, salaam aleikum. Umekula?"

"Waaleikum salaam. Nimekula obusuma na ingokho, ugali kwa kuku. Sasa nataka kula malkia wako."

"Kwa ndoto, mpenzi!"

Na kweli, kwa miezi minne Anwar alimshinda anavyotaka. Lakini Anwar alicheza mechi thelathini kwa siku, akishindwa anabonyeza nyingine, hatazami alikotoka. Swafia alicheza tano tu, mchana, akisubiri pasi ya makaa ishike moto. Akimaliza, alizifungua zile alizoshindwa, akarudi hatua moja moja, akaandika kwenye daftari la vipimo, nyuma ya viuno na mikono ya watoto wa watu. Aliandika alipokosea, saa ilikuwa imebaki sekunde ngapi, na moyo wake ulikuwa unafikiri nini. Kosa likijirudia mara tatu, alilitafutia mazoezi wiki nzima, kama mtu anayefumua mshono na kuushona upya mpaka ulale.

Mwezi wa tano akamshinda Anwar. Wiki iliyofuata akamshinda mara sita mfululizo. Anwar akaacha kumwita falasi wangu.

Siku ya Jumanne, Swafia mguu uko kwenye pedali, sketi ishirini za wasichana wa upande wa Mukumu zinamsubiri, simu ikalia. Ni kundi la wachezaji chesi wa mjini, ambalo Anwar alikuwa amemwingiza. Anwar ameandika: "Swafia, unatumia mashine?"

Swafia akafikiri kuna mtu anatafuta fundi. Akajibu haraka, kidole kimoja: "Ndiyo, kila siku. Bila mashine ningefika wapi?"

Alipomaliza sketi ya tatu, kundi halikuwepo tena kwenye simu yake. Patroba, kiongozi wao, alikuwa amemtoa na kufuta jina lake kwenye mashindano ya Jumamosi. Kisha Anwar akapiga.

"Kwa nini hukuniambia mapema? Umeniaibisha."

"Nimefanya nini?"

"Umekiri mwenyewe, Swafia. Programu ya kompyuta inakuonyesha pa kucheza, na wewe unajiita umenishinda."

Swafia akatazama cherehani yake nyeusi, mafuta yanang'aa shingoni mwake. Masikio yakapata moto.

"Wewe Anwar! Uliniuliza mashine mbele ya watu, mimi fundi wa nguo, ulitaka nielewe mashine gani?"

Akakata. Anwar akapiga tena, Swafia hakupokea. Mara kumi na moja.

"Mwanaume akishindwanga, anatafuta pa kuweka lawama," Jescah, anayeshona naye, akasema na pini midomoni. "Angeshinda, tungesikia habari ya mashine?"

"Kama ni kushindwa angeniambia nimechoka kushindwa. Jina langu, Jescah! Mji mzima unaniona mwizi!"

Alhamisi asubuhi Anwar akaja mwenyewe, shati halijapigwa pasi. Hata salamu haikumaliza kutoka. Daftari la vipimo likamgonga kifuani.

"Soma! Soma kwa sauti, Jescah naye asikie."

Anwar akafungua nyuma. "'Mechi ya pili. Nimebaki na sekunde kumi na tisa. Falasi amekura kitunda, sikuona ngome. Nilikuwa nafurahi mapema.'" Akageuza ukurasa. "'Falasi tena. Wewe Swafia, utajifunza rini?'" Kurasa thelathini na moja. Sauti ikapungua, ikapungua.

"Niambie," Swafia akasema, "ni mashine gani duniani inaandika falasi?"

Jescah akacheka mpaka pini zikamwagika. Anwar hakucheka.

"Nisamehe. Kosa langu ni kuandika vile kwenye kundi."

"Hapana. Hapo ndipo ulipoliwa. Kosa lilianza nyuma." Swafia akawasha saa ya simu, akaiweka mezani. "Una dakika tatu. Rudi hatua moja moja."

Anwar akarudisha kidole kwenye tepu iliyokuwa mezani, inchi moja moja, dakika ya kwanza ikaisha.

"Nilipoacha kukuita falasi wangu?"

"Nyuma zaidi."

"Uliposhinda mara ya kwanza. Nilisema nimefurahi, na haikuwa kweli." Akafunga daftari. "Hapana. Ni siku niliyokufundisha. Nilitaka ucheze na mimi, Swafia. Sikutaka unipite."

Swafia akageuza uso dirishani, akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. Alipogeuka tena, Anwar alikuwa na simu mdomoni, anaongea kwenye kundi: "Patroba, na nyote, mimi Anwar. Nimemsingizia Swafia kwa sababu alinishinda. Daftari lake ninalo mkononi. Rudisha jina lake kabla ya adhuhuri, au futa na langu."

Zikabaki sekunde nane.

"Falasi wangu, nitume wazee wangu kwenu Mayoni wakaongee na—"

Saa ikalia.

"Muda umeisha," Swafia akasema.

Uso wa Anwar ukaanguka kabisa.

"Uliniaibisha mbele ya watu, hutaniomba hapa mbele ya Jescah peke yake. Jumamosi nikishakupiga, uniulize tena, wote wakisikia. Na ucheze kweli kweli, usinihurumie."

"Nisikuhurumie wewe?" Tabasamu likamponyoka Anwar. "Na ukinishinda utanijibu nini?"

Swafia akavuta sketi ya ishirini, akaweka mguu kwenye pedali.

"Toka bwana," akasema. "Natumia mashine."