Ilani ya Mbili Nukta Kumi

Mashine ilifutwa asubuhi, na adhuhuri ilipoitwa, iliitika.

Husnah aliiita tena. Aliandika jina la mashine hiyo kwenye kioo cha kompyuta, kama mafundi wafanyavyo wakitaka kujua ipi iko hai na ipi haipo. Ikaitika, tena upesi kuliko zile zilizo hai. Akasonya. Alikuwa amesonya tangu asubuhi: umeme ulikatika kazi ikiwa imepamba moto, jenereta ya baa iliyo chini ya ofisi yao pale mtaani Kabalagala ikawa inanguruma kwa taabu, na bosi wake, Abdul-Karim, alikuwa amewaahidi wateja kwamba kila kitu kitakwisha leo, bila kumuuliza anayeifanya hiyo kazi. Wapo mabosi wa namna hiyo, na wote wana sauti tamu kwenye simu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha roho. Walitunza programu za kizamani za wafanyabiashara wa soko la Kikuubo na mafundi wa Kawempe, zile zinazokataa katakata kukaa kwenye kompyuta mpya. Dawa yake ni kiigizi, programu inayojifanya kompyuta ya zamani, na ile ya mteja ikakaa humo ikidhani enzi zake hazijapita. Kila kompyuta ya kuigizwa ina aina yake, na kila aina ina namba ya toleo. Aina ikizeeka hupewa ilani, mteja akahamishiwa mpya, kisha ya zamani ikafutwa. Leo zilikuwa zinafutwa zote za zamani, kuishia mbili nukta tano. Husnah ndiye aliyeiamuru kompyuta izipange, akaikata orodha hapo, akampa Blandine afute.

Blandine, msichana wa Bukavu aliyekaa naye meza moja na kumwita yaya, yaani dada, ndiye mtu pekee ofisini ambaye hakumuudhi Husnah. Wengine wote walimwogopa. "Amepandwa tena," walinong'onezana akianza kufoka. Nyumbani kwao Bombo walishangaa, kwa maana hakuzaliwa hivyo. Hasira zilimwanza kazini hapa, na yeye aliilaumu kazi.

"Blandine, hii umefuta kweli?"

"Nilishaifuta, yaya. Niliona na macho yangu."

"Sasa mbona inaitika?"

Blandine alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Ndani ya kabati la chuma ilimokaa kompyuta kuu, kitu kilikuwa kikikwaruza: krr, krr, krr. Ilikuwa sauti ya kifaa cha kusomea disketi, na jengo zima halikuwa na disketi hata moja. Kisha ikaja harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi, chokaa yenye unyevu na kinyesi cha popo, mchana kweupe, jua likiwaka dirishani.

Blandine akasimama. Akauendea ukuta, akauelekea, pua ikigusa rangi.

"Mbili nukta nane," alisema kwa sauti nzito isiyo yake. "Mbili nukta tisa. Mbili nukta kumi."

"Wacha mchezo, bana. Mimi leo hapana na nguvu ya mchezo."

"Mbili nukta nane. Mbili nukta tisa. Mbili nukta kumi."

Husnah alimshika bega, akauondoa mkono upesi. Mwili ulikuwa wa baridi kama soda iliyotoka kwenye barafu. Macho ya Blandine yalikuwa wazi na hayakupepesa, na baya kuliko yote ni kwamba kila alipofika kumi aliacha kupumua, akakaa hivyo, kifua kimetulia tuli, mpaka Husnah akaanza kumlilia Mungu kimoyomoyo, ndipo pumzi ikarudi kwa kishindo, na kila iliporudi ilikuwa imechelewa kuliko ile iliyotangulia.

Abdul-Karim aliingia na simu sikioni. Akasema ni malaria. Kisha akaisikia ile sauti, akakata simu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuwa bosi akafanya jambo la maana: akakimbia kumwita shangazi yake, Mama Rukiah, aliyekaa uchochoro wa pili na kujulikana kwa kutuliza majini.

Mama Rukiah alifika na chetezo, akakiweka miguuni pa Blandine, akatia ubani. Alisema na kile kitu kwa Kinubi, lugha ya kwao, nacho kikaendelea kuhesabu. Akageukia Kiswahili.

"Wewe nani? Wataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Nataka ilani," kikajibu. "Nimevunjiwa nyumba asubuhi hii na sikubishiwa hodi. Wenzangu waliambiwa mapema, wakajiandaa, wakahama. Mimi zamu yangu haijafika. Mbili nukta nane. Mbili nukta tisa. Mbili nukta kumi."

Pumzi ikakatika tena. Midomo ya Blandine ikaanza kuwa ya buluu.

Husnah aliruka mezani, akaifungua orodha yake, na pale pale akaliona kosa. Kompyuta ilikuwa imezipanga namba kama inavyopanga maneno, alama kwa alama. Mbili nukta kumi, kwa kuwa kumi yake inaanza na moja, ilikuwa imeketi ubavuni mwa mbili nukta moja, katikati ya vikongwe, wakati mahali pake ni baada ya tisa. Mtoto wa chekechea anajua kwamba kumi huja baada ya tisa. Ni mafundi wa kompyuta peke yao wanaoweza kulisahau hilo, na yeye alilisahau kwa kuwa alikuwa na hasira na haraka.

"Nimekosea mimi," alisema. "Hakustahili kufutwa."

"Basi mrudishie nyumba, na umpe ilani kama wenzake," Mama Rukiah alinong'ona. "Upesi, binti yangu. Pumzi ya huyu msichana ikikatika na huyo jini yumo ndani, hatoki tena."

Husnah aliandika, akakosea, akafuta, akatukana, akaanza upya, huku nyuma yake kimya cha Blandine kikirefuka na moshi wa ubani ukimwingia machoni na Abdul-Karim akisoma dua kwa kukoseakosea mlangoni. Aliirudisha ile aina mahali pake, baada ya tisa. Akabandika chini yake ilani ile ile aliyozibandikia zote za zamani. Aliitunga mwenyewe, kwa huruma, ili wazee wa Kikuubo wanaoogopa kompyuta wasihangaike: *Aina hii itaondolewa. Usiwe na wasiwasi. Njoo kwa Husnah, atakupa nafasi.*

Blandine akaanguka. Husnah alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu, akamsikia akipumua, akamkumbatia na kulia waziwazi, bila kujali nani anatazama. Joto lilikuwa linamrudi. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Kwa hiyo kazi imeisha?" Abdul-Karim aliuliza. "Niwaambie wateja?"

Hasira zikampanda Husnah mpaka kichwani. Mama Rukiah aliziona zikipanda. Alikuwa ameacha kumtazama Blandine kitambo.

"Yaya," Blandine alisema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe. "Hakuwa mubaya. Alikuwa anaogopa tu kukosa fasi ya kukaa. Ile wakati uliandika ilani, akasoma, akafurahi sana. Atangojea zamu yake. Anasema wenzake walishamwambia, kwako munakaliwa muzuri."

"Wenzake nani?"

"Wale wenye walipata ilani mbele yake."

Husnah alikigeukia kioo, akasoma tena maneno yake mwenyewe: njoo kwa Husnah. Mama Rukiah alikiinua chetezo kutoka miguuni pa Blandine, akakiweka miguuni pa Husnah, akaongeza ubani. Aliketi sakafuni, akauliza kwa upole, bila kumtazama usoni:

"Haya. Mko wangapi humo?"