Nilitubu Uzinzi Ambao Sikuufanya, Fundi Wangu Akaadhibiwa

Mkasa huu umenigharimu gauni moja la kitenge, viatu jozi moja namba arobaini na mbili, na jina la mwanamke ambaye hakunikosea kitu. Nimehesabu mara mbili. Gauni na viatu vilikuwa vyangu. Jina halikuwa langu, lakini ndilo nililolitoa bila hata kuvutana bei!

Nina miaka arobaini na nne, mke mmoja na watoto watatu. Nauza mitumba hapa Same mjini. Ndugu wasomaji, sijawahi kuliandika hili popote: mimi ni mwanaume na napenda kuvaa nguo za kike. Mke wangu nampenda, sina mwingine. Ila nikiwa ndani ya gauni, hiki kichwa kinachopiga hesabu kutwa nzima kinanyamaza. Basi. Maelezo mengine nimeyatafuta, sijayapata.

Nilianza vibaya, kama wengi wanavyoanza. Nilikuwa nachomoa gauni kwenye belo langu mwenyewe la mitumba, najivisha haraka nyuma ya turubai. Siku moja zipu ikagoma mgongoni, na mteja yuko nje anaita, "Baba, hii blauzi shilingi ngapi?" Nikamtajia bei ya chini kuliko zote nilizowahi kutaja, ili aondoke tu. Na bado akaomba nipunguze!

Ndipo nikaenda kwa Mama Elineema, fundi cherehani, mjane, tuliyesali naye kanisa moja. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Nikamwambia nataka gauni la dada yangu wa Kwakoa, mwenye mwili kama wangu.

Akanitazama juu ya miwani. "Baba Namsifu, huyo dada yako ana mabega ya kushusha magunia. Simama nikupime wewe, tusiharibu kitambaa."

Nilitamani ardhi inimeze! Yeye alikuwa ameshavuta tepu. Hakucheka hata kidogo. Akasema, "Nimeshona miaka kumi na tisa. Unadhani wewe ni wa kwanza?"

Yote ninayoyajua leo alinifundisha yeye, na nakupa wewe unayeanza, kwa sababu najua upo na unasoma hapa ukiwa umeinamisha simu. Usinunue kwa kukadiria, jipime kifua, kiuno na mabega, uandike. Anza na dera, halina zipu wala halina ugomvi na mtu. Kiatu kijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba, na kisigino kiwe kifupi mpaka ujue kutembea. Usiguse nguo ya mkeo wala poda yake, nunua yako. Rangi ya mdomo itoe kwa mafuta, siyo kwa mate.

"Na la mwisho," aliniambia, pini zikiwa mdomoni, "mwambie Mama Namsifu. Mwambie kabla gauni halijamwambia."

Nikaanza kuomba muda. Nikasema baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, nikasema baada ya kuvuna mahindi. Mvua ikakata, hatukuvuna kitu, nikajiona nimepona!

Gauni na viatu alinitunzia yeye. Kila Alhamisi mchana, wateja wakiwa wachache, nilikuwa naingia chumba chake cha nyuma, navaa, nakaa nusu saa. Yeye yuko mbele anashona na kuimba. Hakuna kingine kilichowahi kutokea pale. Hakuna!

Alhamisi moja nikajaribu rangi ya mdomo. Nikaifuta kwa mate... Naam, nilikuwa nimeambiwa! Nikaenda nyumbani kula. Mke wangu alikuwa anapakua makande, akasimamisha upawa hewani.

"Baba Namsifu, hiyo nyekundu kwenye masharubu ni ya nani?"

Nikajipangusa kwa kiganja.

"Jirani kakuona unatokea mlango wa nyuma wa fundi. Nikamwambia ana wivu tu. Ni Mama Elineema?"

Ningeweza kusema neno moja, "Ni yangu." Lakini nilitazama makande... na ukimya wangu ukamjibu.

Kwetu usharikani mtu akianguka hutengwa. Haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, mpaka asimame mbele ya watu atubu. Akishatubu hurudishwa kundini, anapewa mkono, maisha yanaendelea. Habari ikawafikia wazee wa kanisa, wakatuita wote wawili.

Mama Elineema aliitwa kwanza. Akasema hajalala na mtu. Walipombana nilikuwa nasikiliza mlangoni kwa wasiwasi, maana sentensi moja tu kuhusu lile gauni ingemtoa yeye na kunizamisha mimi. Hakuisema! Akawajibu, "Kilichomleta kwangu muulizeni mwenyewe."

Wakaniuliza. Na hapo mfanyabiashara ndani yangu akaamka. Uzinzi, nikajiambia, bei yake inajulikana. Majuma kadhaa nje, toba, mkono wa mchungaji. Gauni bei yake nani anaijua? Na mimi sijawahi kununua kitu ambacho bei yake haijatajwa.

Majuma yalipotimia, Jumapili moja nikasimama mbele ya usharika na kutubu uzinzi ambao sikuufanya!

Watu walilia. Wazee walinikumbatia. Mke wangu alinisamehe mbele za watu wote. Nikatoka pale nimesafishwa kwa uongo, nikashikwa mikono mpaka vidole vikaniuma.

Nilikuwa sijajua nimefanya nini. Toba yangu ndiyo iliyokuwa ushahidi! Mwanaume amekiri, mwanamke anakanaje? Wakamwambia atubu naye ayamalize. Akasema, "Siwezi kumdanganya Mungu ili watu waniamini." Wakamtoa kwenye kwaya. Wanawake wakaacha kupeleka suruali za waume zao kwake. Haikufika miezi mitatu akafunga kibanda, akahamia Hedaru. Kabla ya kuondoka alinirudishia gauni na viatu, amevifunga vizuri kwenye gazeti. Nikavichoma. Nilidhani moshi utaondoka na aibu... ulibaki kwenye shati langu wiki nzima.

Mwaka mzima nilikula Chakula cha Bwana wakati yeye amenyimwa. Mnanielewa? Mwaka mzima!

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza mke wangu ukweli wote. Aliketi chini. Kisha akasema, "Mwanamke nilijua nitapambana naye vipi. Gauni napambana nalo vipi?" Akalia. Halafu akacheka katikati ya kilio, akaniuliza lilikuwa rangi gani. Nikamwambia kijani. Akasema, "Kijani hakikupendezi." Ndivyo nilivyojua kwamba hataniacha. Na ndivyo nilivyojua kwamba angenielewa tangu mwanzo!

Nikaenda Hedaru. Nilimkuta anatia viraka turubai za malori, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Nikatoa bahasha, kwani mimi ndivyo nilivyozoea kumaliza mambo. Hakuigusa.

"Shemeji, umekuja kuninunua mara ya pili?"

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, nawachekesha madereva.

"Mwanangu Elineema yuko kwa bibi yake huko Same, anapata kipaimara Jumapili ijayo," akasema. "Mzazi aliyetengwa hasimami mbele na mwanawe. Ulisimama kwa miguu yako ukaniuza, mimi sipo. Kasimame palepale."

Nikamwambia nitasimama. Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, akanishika mkono. Wiki inayofuata kipaimara wanakuja watu wa kumposa binti yetu Namsifu. "Sema," akaniambia, "lakini subiri posa ipite." Nami nikahesabu, kama kawaida yangu. Nikisubiri, Elineema atasimama peke yake. Nikisema, huenda wakwe wakageuza gari njiani.

Wewe unayeanza, sikukatazi kuvaa. Nguo haijanidhuru hata siku moja. Kilichoniangusha ni kumwacha mwingine aibebe siri yangu, kisha aibebe na adhabu yake! Mwambie unayelala naye, leo, kabla hujanunua hata kitambaa. Na ukikamatwa, kamatwa kwa kile ulichofanya. Tafadhali, usijitafutie dhambi ya bei nafuu kama nilivyofanya mimi...

Nimeshaamua. Nitasimama Jumapili hii, kabla kipaimara hakijaanza, na mke wangu bado hajui kuwa sitasubiri. Sitaki mniambie kama niseme au nisiseme. Ninachoomba ni kwa yeyote miongoni mwenu aliyewahi kusimama mbele ya watu wanaomjua na kutamka jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: ulianza na neno gani? Nimejaribu mengi mbele ya kioo. Kila mara najikuta naanza kwa kujitetea.