Nafasi ya Viazi vya Gwenda

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Lazima muwe wawili. Huyu anashika pembe mbili huku, yule anashika mbili kule, mnavuta, mnasogeleana, mnapeana pembe. Narelle na Gwenda walikuwa wanaifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, kwenye chumba cha kufulia cha moteli moja hapo Broken Hill, mji wa jangwani mbali na pwani. Miaka kumi na minane walikuwa wanapiga domo mpaka meneja anagonga ukuta. Mwaka huu wa mwisho, kimya.

"Vuta," anasema Gwenda.

"Leta," anasema Narelle.

Basi. Mashuka themanini kwa siku, maneno mawili. Kila mtu na hasira zake, na mashine zinanguruma katikati.

Desemba ikaingia na joto lake. Jioni moja Narelle alirudi nyumbani, miguu inawaka, akamkuta mumewe Des mlango wa nyuma na soda mkononi.

"Vipi mama," Des akauliza, "Krismasi mwaka huu tunaita watu au hatuiti?"

Alikosea. Narelle alibamiza kikapu chini, vibanio vya nguo vikaruka uani kote.

"Niite nani? Wale walafi? Waje tena wakae chini ya feni, wanishangae nikiungua na moto? Sipiki! Mwaka huu mtakula mkate na siagi!"

"Nimeuliza tu..."

"Usiniulize!"

Sauti ikatoka ng'ambo ya uzio. "We Narelle, ukizidi kupiga kelele hivyo nyanya zangu zitaiva kabla ya siku zake."

Alikuwa Merv, jirani yao. Mzee wa miaka sabini na mitatu, kofia imetoboka, mpira wa maji mkononi. Miaka arobaini alikuwa mpishi kwenye kambi za wakata manyoya ya kondoo. Alilisha wanaume thelathini kwa mpigo, huko porini, joto likiua nzi. Mdomo wake ulikuwa mchafu, ila mikono yake safi.

"Wewe mwagilia nyanya zako," Narelle akamwambia.

"Namwagilia. Na nasikia. Mwaka mzima nasikia. Hebu sema, Krismasi iliyopita kulitokea nini?"

Narelle alikuwa hajawahi kusimulia yote. Sasa yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alinunua bata mzinga mkubwa kuliko oveni. Akanunua paja zima la nguruwe, na kamba waliosafirishwa kutoka pwani. Mshahara wa wiki mbili ukaenda. Siku yenyewe joto likafika digrii arobaini na mbili, na oveni inawaka tangu alfajiri. Bata mzinga alipokatwa, nje kaungua, ndani bado barafu na damu. Kamba walikuwa wamekaa mezani tangu asubuhi, wakaanza kunuka. Marafiki wanne wamekaa, wamevaa kofia zao za karatasi za Krismasi, wanasubiri.

"Na Gwenda akasema, 'Narelle, pumzika kidogo bwana.' Pumzika! Yeye kaja mikono mitupu, kakaa kama malkia, ananiambia nipumzike! Nikamwambia atoke kwangu. Mbele ya watu wote. Nikamwita kupe."

Des aliangalia chini. Merv alifunga maji.

"Gwenda alikuuliza alete nini?"

"Aliuliza."

"Mara ngapi?"

Narelle akaokota kibanio kimoja cha nguo. Kisha akasema, "Mara tatu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia usilete kitu, jilete mwenyewe. Ndivyo watu wanavyosema!"

"Ndivyo wajinga wanavyosema!" Merv alipiga uzio kwa kiganja, mbwa akabweka. "Umemkatalia mara tatu, halafu unamtukana kwa kukutii! Unajua kilichokuwa ghali mwaka jana si bata mzinga? Ni kiburi chako. Ulitaka usifiwe peke yako. Haya, ukaungua peke yako."

Narelle alitamani kumrushia kikapu. Alikishika kabisa. Lakini mkono ukakataa, maana maneno yalikuwa yamefika pale pale panapouma.

"Toka hapa," akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi niko kwangu," Merv akajibu.

Kesho yake Narelle mwenyewe ndiye aliyekwenda kwenye uzio. Bado kanuna.

"Haya. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Merv hakucheka. Alikuja na kiti chake kabisa.

"Kwanza, oveni usiiguse. Joto letu hili unawasha oveni ya nini? Chakula chetu ni cha baridi. Nunua nyama ya ng'ombe ya chumvi, ile bei yake ni ya chini. Ichemshe jana yake, moto mdogo, masaa matatu, na kitunguu, siki kidogo na sukari kijiko kimoja. Ikilainika, itoe, ipoe kidogo, halafu friji. Usiiache mezani ilale. Siku yenyewe unaikata vipande vyembamba na haradali. Wakata manyoya walikuwa wanapigania kipande cha mwisho."

"Na bata mzinga?"

"Wa nini? Mko sita na mimi wa saba. Nunua mapaja ya kuku. Ukitaka siku moja kupika ndege mzima aliyeganda, mtoe kwenye barafu siku mbili tatu kabla, ayeyukie ndani ya friji, si juu ya meza. Wewe ulimtoa lini?"

"Usiku ule ule."

"Mungu alikuonea huruma hamkumla. Sasa sikiliza hili, na Des hapo nyuma yako asikilize. Chakula cha baridi kikae baridi. Weka kwenye boksi la barafu, toa kidogo kidogo. Kikikaa nje chini ya masaa mawili, unaweza kukirudisha friji. Kikipita mawili, kiliwe hapo hapo. Kikifika manne, tupa, hata mbwa usimpe. Na kwa joto letu mimi hata mawili siyasubiri."

"Na kuku?"

"Mpike saa kumi na moja alfajiri, nje, kwenye jiko la kuchomea. Mpasue karibu na mfupa. Ukiona wekundu, arudi motoni. Saa mbili asubuhi umemaliza, kuku yuko friji, miguu yako iko kwenye ndoo ya maji."

Des akacheka. Narelle akamkazia macho.

"Halafu hili ndilo gumu kwako," Merv akaendelea. "Mtu akikuuliza alete nini, mtajie. Usiseme 'chochote', maana wataleta mikate mitano. Sema kitu, sema na ukubwa wa bakuli. Andika, bandika kwenye friji."

Jioni hiyo simu ikalia. Sunita, wa mapokezi kule moteli.

"Narelle, Des kaniambia Krismasi tunakuja. Nilete nini?"

Mdomo wa Narelle ulianza wenyewe. "Usi..." Des alikuwa anamtazama. Akameza mate. "Kabichi. Saladi ya kabichi. Bakuli kubwa."

Upande wa pili Sunita akashusha pumzi. "Afadhali! Mwaka jana nilikaa kwako kama mshtakiwa, sijui mikono niiweke wapi."

Narelle alikata simu akiwa kakunja uso. Hasira zikarudi, ila safari hii hazikuwa na Gwenda ndani yake. Zilikuwa zimemgeukia mwenyewe. Akaandika: Sunita, kabichi. Kev wa bustani ya moteli, barafu na tikiti maji. Merv, kachumbari ya nyanya. Des, viti na kivuli. Mke wa Kev, keki ya matunda. Chini ya yote akaandika: Gwenda, viazi. Akabaki anaitazama karatasi. Saladi ya viazi ya Gwenda mji mzima unaijua.

Asubuhi, kwenye mashuka, alisubiri mpaka lile la kumi.

"Vuta," akasema Gwenda.

Narelle hakuvuta. Alishika pembe zake tu.

"Krismasi nataka uje. Ulete viazi vyako. Bakuli kubwa."

Gwenda aliduwaa. Kisha uso ukamwiva. "Mwaka mzima! Mwaka mzima unaniangalia kama doa la damu kwenye shuka, leo unanikumbuka kwa sababu unataka viazi?"

"Ndiyo, nataka viazi."

"Uliniita kupe!"

"Nilikuita. Nilikosea. Uliniuliza mara tatu, nikakukatalia, halafu nikakutukana. Mjinga alikuwa mimi."

"Tena mbele ya Sunita!"

"Mbele ya Sunita."

"Kwenda huko na viazi vyako," Gwenda akasema. Macho yalikuwa yamelowa. Akavuta shuka kwa nguvu mpaka likamchomoka Narelle mikononi, akalikunja peke yake, vibaya, likatoka limepinda kama ramani ya zamani. Siku tatu zilizofuata hata "vuta" hakusema.

Siku ya kuamkia Krismasi, Merv alipita na kachumbari yake. Nyama ilikuwa imeshaiva, iko friji. Akamkuta Narelle jikoni na sufuria kubwa. Anamenya viazi.

"Hivyo vya nani?"

"Vya akiba. Gwenda haji, Merv. Hajanijibu. Nitawalisha watu nini?"

Merv alitua bakuli kwa kishindo. "Weka kisu chini."

"Usinipigie kelele jikoni kwangu!"

"Napiga! Umemwambia alete viazi, sasa unapika viazi. Akija akakuta bakuli lako lipo mezani, atajua hukumtegemea. Utakuwa umemfukuza mara ya pili, na safari hii bila hata kufungua mdomo!"

"Na asipokuja?"

"Tutakula bila viazi. Hakuna aliyekufa."

Alikusanya viazi vyote, vilivyomenywa na visivyomenywa, akaondoka navyo ndani ya kofia yake. Narelle alibaki na kisu mkononi. Hakujua kama anamchukia Merv au anaogopa.

Krismasi yenyewe joto lilikuwa lile lile, arobaini na moja. Lakini oveni ilikuwa imelala. Des alikuwa amefunga turubai kutoka ukutani mpaka kwenye mti, akaazima viti kwa majirani, hakuna vilivyofanana. Kitambaa cha meza hawakuwa nacho, wakatandika shuka. Watu wakaja, kila mmoja na bakuli lake, na kila mmoja akajua pa kuliweka. Kev akamwaga barafu kwenye boksi. Narelle alikuwa amekaa. Amekaa! Gauni kavu, glasi mkononi, kofia ya karatasi imeangukia sikio.

Katikati ya meza kulikuwa na nafasi tupu, ya ukubwa wa bakuli. Sunita alitaka kusogeza kabichi hapo.

"Acha," Narelle akasema. "Hapo pana mwenyewe."

Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Des akaanza kukata nyama. Hakuna aliyeiangalia ile nafasi, na kila mtu alikuwa anaiona.

Geti likalia.

Gwenda alisimama pale, jasho linamtiririka, bakuli limefunikwa kwa taulo, barafu imezungushiwa pembeni. Hakusalimia. Alitazama meza. Alitazama nyama, kuku, kabichi, nyanya. Akatafuta viazi vingine, jicho linakwenda huku na huku. Hakuviona. Akaiona nafasi.

"Hukupika vyako," akasema.

"Sikupika."

"Na nisingekuja je?"

"Tungekula bila viazi."

Gwenda alitua bakuli pale katikati. Likaenea sawasawa. "Bado nina hasira na wewe," akasema, akavuta kiti.

"Najua. Kula kwanza, utanitukana ukishiba."

"Nitakutukana huku nakula. Nipe haradali."

Na kweli alimtukana, mpaka tikiti maji likaisha, na Narelle akacheka mpaka kofia ikadondoka. Vyakula viliingia na kutoka kwenye barafu, hakuna kilichonuka, hakuna kilichotupwa. Kila mtu aliosha sahani yake. Aliyebaki na njaa hakuwepo.

Jua lilipolegea, vyombo viliondolewa, likabaki shuka lenye doa la kachumbari. Narelle alishika pembe mbili. Kabla hajamwita Des, Gwenda alikuwa ameshashika zile mbili nyingine.

"Mwakani unakuja kwangu," Gwenda akasema. "Kuku mchome wewe. Mapaja kumi na manne, mawili kwa kila mtu, usiniletee manane."

"Kumi na manne," Narelle akasema.

"Haya. Vuta."